Mtoto Alale Wapi, Mama Ukiwa na Kidonda?

Siku ya tatu au ya nne baada ya upasuaji, mama aliyejifungua kwa operesheni huruhusiwa kurudi nyumbani. Uji umepikwa, maji ya moto yako tayari, majirani wanangoja kumwona mgeni. Mara nyingi jambo moja tu halijafikiriwa, nalo ni mahali atakapolala mtoto usiku huo. Watu hudhani litajipanga lenyewe. Ifikapo saa 8 usiku mtoto analia, mama anataka kuinuka kama alivyozoea, na tumbo linamkumbusha kwamba limepasuliwa.

Mwenzako aliyejifungua kwa njia ya kawaida huinama na kumnyanyua mtoto bila kufikiri sana. Wewe umekatwa ngozi, umekatwa tabaka zilizo chini yake, umekatwa na mfuko wa uzazi. Kidonda cha nje huonekana kimefunga baada ya wiki 2 hivi, lakini ndani huhitaji wiki 6 au zaidi. Ndiyo maana wauguzi husema usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako. (Na wale wasemao kwamba mwanamke wa operesheni hakuzaa, alizalishwa tu, waache waseme.) Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku. Basi mahali pake pa kulala pawe ni pale ambapo mwili wako wa leo unaweza kupafikia gizani.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa miezi 6 ya kwanza angalau, ila awe na malazi yake mwenyewe. Malazi hayo si lazima yawe ya dukani. Huko Finland, tangu mwaka 1938, serikali imewapa akina mama boksi lenye nguo za mtoto, na watoto wengi wamelala ndani ya boksi hilohilo. Mwokozi wetu naye alilazwa horini. Kikapu kipana chenye kitako bapa, au sanduku imara, kikitandikwa kitenge kilichokunjwa na kubanwa vizuri, kinatosha kabisa. Mto usiwemo. Blanketi zito lisiwemo. Mkiwa nyanda za baridi, mvalishe mtoto nguo mbili tatu nyepesi badala ya kumfunika gubigubi.

Kwa mama mwenye kidonda, kimo cha malazi hayo ni jambo kubwa. Kikapu kikiwa sakafuni utalazimika kuinama. Kitanda cha mtoto chenye kingo ndefu kitakukunja tumbo kila unapomtoa. Kiweke juu ya benchi pana au meza fupi inayolingana na kitanda chako, upande ule unaolalia. Viti viwili vilivyosogezwa pamoja havifai, maana huachana. Chandarua kikubwa chenye dawa kinaweza kufunika kitanda na benchi kwa pamoja, mradi kisimwangukie mtoto usoni. Mshumaa na kibatari vikae mbali nacho, tumia tochi. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kamwe, hata kama mama mzazi anatakiwa apate joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Unapotaka kuinuka, usijivute moja kwa moja kutoka chali. Kunja magoti, geuka ubavu, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mkono.

Hatari ya kochi

Kwa sababu kuinuka kitandani kunauma, akina mama wengi wa operesheni huona heri wakae sebuleni kwenye kochi usiku, wanyonyeshe hapo wakiwa wameegemea. Mama aliyekesha siku tatu hachukui muda kusinzia. Mtoto huteleza kidogo kidogo mpaka pua yake inazama kati ya mkono wa mama na mto wa kochi, na mtoto mchanga hana nguvu ya kujigeuza. Uchunguzi wa vifo vya namna hii umeonyesha kwamba kochi ni hatari kuliko hata kitanda cha wazazi. Ukijua kwamba utasinzia, ni afadhali unyonyeshe ukiwa umelala ubavu kitandani, kitanda ambacho kimeandaliwa, kisha mtu amrudishe mtoto kikapuni.

Ninasema kitanda kilichoandaliwa kwa sababu twajua jinsi mambo yalivyo. Nyumba nyingi zina chumba kimoja na kitanda kimoja, na mtoto hulala na mama yake kama sisi tulivyolala na mama zetu. Wengi tunaikumbuka hekima ya Sulemani juu ya wale wanawake wawili, lakini tunasahau jinsi kesi ilivyoanza: mmoja wao alimlalia mwanawe usiku. Biblia haimwiti mlevi wala mzembe kwa kumlalia. Inaelekea alikuwa mzazi aliyechoka.

Basi kama mtalala kitanda kimoja, godoro liwe gumu. Likiwa limebonyea katikati, mtoto ataviringika hadi mwilini mwako. Asilale kati yako na baba, wala kando ya mtoto mkubwa. Asibanwe ukutani, kwa kuwa pengo dogo kati ya godoro na ukuta laweza kummeza. Mito na mablanketi yakae mbali naye. Na kuna usiku ambao asilale nanyi kabisa: ikiwa mmoja wenu amekunywa pombe au anavuta sigara, ikiwa mtoto alizaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito chini ya kilo 2.5, au ikiwa wewe umemeza dawa ya kuleta usingizi. Hili la mwisho linamhusu mama wa operesheni kuliko mtu mwingine yeyote. Kabla ya kuruhusiwa, muulize muuguzi kila dawa ya maumivu uliyopewa inafanya nini. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wanaonyonyesha wasitumie kodeini na tramadoli, kwa kuwa hupita katika maziwa na zinaweza kudhoofisha pumzi ya mtoto.

Bibi na baba

Bibi wa mtoto akija kukuuguza, huenda akasema, "Mwanangu, nipe mjukuu wangu nilale naye kule chumbani, wewe upumzike." Maneno hayo yanatoka katika upendo, na mke anaona vigumu kumkatalia mama mkwe. Lakini maziwa ya mama wa operesheni mara nyingi huchelewa siku moja mbili, nayo huletwa na kunyonywa. Mtoto akilala mbali, usiku atapewa chupa au maji ya sukari, na maziwa yatazidi kuchelewa. Afadhali bibi ahamie chumbani kwako kwa wiki hizo za kwanza. Yeye ndiye amtoe mtoto kikapuni, akupe, akusubiri, amcheulishe na kumrudisha. Anayefaa kumweleza ni mume wako, kwa sababu mama ni wake. Akisema, "Mama, tunaomba ulale na mkeo huku, anahitaji mkono wako," bibi atajiona ameheshimiwa.

Kama bibi hayupo, kazi hiyo ni ya baba. Sioni aibu yoyote kwa mwanamume kubadilisha nepi saa 8 usiku. Tena mume anayehamia sebuleni ili apate usingizi wa kwenda nao kazini anamwachia mgonjwa zamu nzima. Apumzike usiku mmoja, usiku wa pili asaidie.

Bibi huenda pia akataka mtoto alazwe kifudifudi, akihofia atapaliwa na maziwa. Ndivyo tulivyofundishwa wengi. Lakini mtoto akiwa chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa anayocheua hurudi chini yalikotoka. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Mweleze bibi kwa upole, na kila mara mtoto alazwe chali, mchana na usiku.

Ukiona homa, usaha kidondani, damu nyingi, au mguu mmoja umevimba na kuuma, usingoje siku ya kliniki.

Kikapu kitatumika kwa miezi mitatu minne hivi. Mtoto akianza kujigeuza au kujiinua kwa mikono hakimfai tena, ataanguka nacho. Wakati huo utaweza kuinama juu ya kitanda chenye kingo, au kutandika godoro lake chini.