Kusoma kwa Masikio: Aflatuni Ndani ya Simu ya Mkononi

Ndugu msomaji, leo tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo baadhi ya vijana wetu wamekuwa wakituuliza mara kwa mara baada ya Sala ya Ijumaa. Wanasema: vitabu vikubwa vya fasihi na falsafa, ambavyo baba zao hawakuwahi hata kuvishika, leo vinapatikana vikiwa vimesomwa kwa sauti ndani ya simu. Kijana huvisikiliza akiwa ndani ya daladala, dukani au jikoni. Je, mtu wa namna hiyo amesoma? Na je, elimu inayoingia kwa njia hiyo ni elimu?

Kabla ya kujibu, tunaomba turuhusiwe kusimulia kisa kilichotukuta sisi wenyewe.

Tunaye mwalimu wetu mjini Tanga, mtaa wa Ngamiani, ambaye ndiye aliyetufundisha nahau na mantiki tulipokuwa vijana. Umri wake sasa umepita miaka themanini, na presha ya macho imemwondolea nuru yote. Daktari alimweleza wazi kwamba mshipa wa jicho ukishakufa kwa maradhi hayo haufufuliwi kwa dawa wala kwa upasuaji. Vitabu vyake vimo chumbani, vimepangwa kama alivyoviacha, naye huvipapasa migongo na kuvitaja kimoja kimoja kwa majina.

Kwa miaka miwili tulikuwa tukimwahidi kwamba tutakwenda kumsomea, na kwa miaka miwili shughuli zikatushinda. Hatimaye tulimpelekea simu iliyojazwa vitabu vya sauti kwa lugha ya Kiarabu. Tukiri mbele ya msomaji: nia yetu haikuwa safi kabisa. Tulitaka ile simu ibaki badala yetu.

Mzee akachagua mwenyewe. Alisema, "Mwanangu, tangu ujana wangu nafundisha Isaghuji, na ndani yake kila siku namtaja Aristu na mwalimu wake Aflatuni. Sijapata kumsikia Aflatuni mwenyewe akisema. Niwekee." Tukamwekea utetezi wa Socrates, yule mzee wa miaka sabini aliyesimama mbele ya mahakama ya Athens mwaka 399 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (AS). Alisikiliza kimya kwa muda wa robo saa, tasbihi mkononi. Kisha akanyanyua kidole.

"Msimamishe. Sauti yake nzuri, na irabu zake hazina kosa. Sasa mwulize, hapa amekusudia nini?"

Tukamjibu, "Maalim, huyu haulizwi."

Akasema, "Basi kaa wewe, nikuulize."

Tulikaa mpaka Magharibi. Na tangu siku hiyo swali la wale vijana limekuwa swali letu pia.

Masikio yalitangulia

Yapasa ieleweke kwamba kusoma kwa kusikiliza si bid'a iliyoletwa na simu. Katika sehemu kubwa ya historia ya mwanadamu, kitabu kilikuwa kitu cha kusomwa kwa sauti, na wengi walikifahamu kwa masikio. Katika karne ya nne, Augustine, mwanazuoni wa Kikristo aliyezaliwa Afrika ya Kaskazini, alistaajabu sana mjini Milan alipomwona Askofu Ambrose akisoma huku macho yakipita juu ya karatasi na ulimi umetulia. Aliliona jambo hilo ni la kuandikwa, naye akaliandika.

Ama katika umma wetu, kusikiliza kulifanywa kuwa taaluma yenye masharti. Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 1245, alipozipanga njia nane za kupokea Hadithi, aliiweka ya kwanza kuwa ni samaa, yaani kusikia kutoka kinywani mwa sheikh. Ya mwisho aliiweka wijada, nayo ni mtu kukuta maandishi tu bila ya kukutana na mwenyewe. Katika miji kama Damascus, kikao cha kusomwa kitabu kilipomalizika, majina ya waliohudhuria yaliandikwa kwenye kurasa za nakala ile ile: wanaume, wanawake, na hata watoto waliokuja na wazazi wao. Aliyesinzia au aliyechelewa huenda naye akatajwa hivyo.

Kwetu pwani hali haikuwa tofauti. Tenzi zetu kongwe, kama vile Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, zilitungwa ili zisomwe kwa mahadhi mbele ya watu. Mwenye nakala alikuwa mmoja, wasikilizaji walikuwa mtaa mzima.

Vipofu waliotutangulia

Mwenye kudhani kwamba asiyeona ukurasa hawezi kuwa msomi, na amtazame Abu al-Ala al-Maarri, mshairi na mwanafikra wa Sham aliyefariki mwaka 1057. Ndui ilimpofusha akiwa na umri wa miaka minne hivi. Vyote alivyovijua katika lugha na ushairi vilipitia masikioni, na vyote alivyotunga vilipitia kalamu za watu wengine.

Zaidi ya miaka mia nane baadaye, huko Misri, alizaliwa Taha Hussein, mwaka 1889. Naye alipoteza macho utotoni kwa sababu ya tiba isiyofaa. Alihifadhi Qur'ani, akasoma Al-Azhar, na mwaka 1914 akapata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya huyo huyo al-Maarri. Alipokwenda Ufaransa alisomewa vitabu na binti wa Kifaransa aitwaye Suzanne, ambaye baadaye akawa mkewe. Kati ya mwaka 1950 na 1952 alikuwa Waziri wa Elimu wa nchi yake.

Huko Uingereza, John Milton alikuwa kipofu kabisa kufikia mwaka 1652, na utenzi wake mkubwa, Paradise Lost, ukatoka mwaka 1667 baada ya kuutunga kwa kuwatajia waandishi. Inasimuliwa kwamba mabinti zake walimsomea vitabu kwa lugha ambazo wao wenyewe hawakuzielewa. Hapo pana somo: sauti inaweza kuwa sahihi na msomaji asielewe lolote.

Kutoka santuri hadi simu

Thomas Edison aliunda chombo chake cha kunasa sauti mwaka 1877, na miongoni mwa faida alizozitaja ni vitabu kwa ajili ya vipofu. Hata hivyo ilipita nusu karne kabla ya jambo hilo kuwa la kweli. Marekani ilianza kuwapelekea vipofu vitabu katika santuri mwaka 1934, na Uingereza mwaka 1935, ambako askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia walikuwa wangali hai na wanasubiri. Upande mmoja wa santuri hizo uliweza kubeba kiasi cha dakika 25 tu, hivyo kitabu kimoja kilikuwa furushi zima la santuri. Kisha zikaja kaseti, ambazo wazee wetu wanazikumbuka kwa mawaidha, na baada yake intaneti.

Mwaka 2005, Hugh McGuire wa mjini Montreal, Kanada, alianzisha LibriVox. Ni mradi wa watu wa kujitolea wanaosoma kwa sauti vitabu ambavyo hakimiliki zake zimekwisha, kisha rekodi zao hutolewa bure. Humo utawakuta Plato, Marcus Aurelius, Tolstoy na wengineo. Mwenye subira ya saa sitini hivi anaweza kukimaliza kile kitabu kikubwa cha Tolstoy kuhusu vita na amani bila ya kufungua ukurasa hata mmoja.

Hii ni neema, na anayeikataa neema bila ya hoja anajidhulumu. Kijana anayekaa saa mbili kila siku barabarani ana saa kumi kwa wiki ya siku tano. Ndani ya saa hizo anaweza kuwasikiliza wenye hikima wa dunia, au akasikiliza ugomvi wa kondakta na abiria.

Hoja ya mzee wa Ngamiani

Lakini ile hoja ya mwalimu wetu haijajibiwa. Cha kushangaza ni kwamba aliyewahi kuitoa ni Socrates mwenyewe. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Phaedrus, anasimulia juu ya mfalme wa Misri aliyeletewa uvumbuzi wa maandishi, akaukataa kwa kuhofia kwamba watu wataacha kuhifadhi na watajiona wajuzi ilhali si wajuzi. Kisha Socrates akaongeza kwamba maandishi ni kama picha: ukiyauliza, hayajibu.

Kitabu cha sauti kimerudishiwa ulimi, lakini hakikurudishiwa masikio. Kinasema, wala hakisikii. Kwa hiyo, kwa maoni yetu, anayesikiliza simu asijidanganye kuwa yumo katika daraja ya samaa. Ingawa anasikia, yuko karibu zaidi na mtu wa wijada: amekuta maneno ya mtu asiyekuwepo.

Upo pia mtihani wa pili. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipokuwa kijana alirejea kutoka Jurjan akiwa na mfuko wa maandishi ya masomo yake. Majambazi wakampora njiani. Akawafuata akiwasihi wamrudishie mfuko, kwani ndani yake imo elimu yake. Mkubwa wa majambazi akacheka, akamuuliza vipi anadai kuijua elimu hiyo ikiwa akinyang'anywa mfuko anabaki hana kitu. Alirudishiwa mfuko wake, lakini maneno yale yalimchoma, na inasimuliwa kwamba alitumia miaka mitatu kuyahifadhi yote. Leo mwizi wa simu pale Kariakoo anaweza kutuuliza swali lile lile. Kuwa na vitabu mia tatu mfukoni si sawa na kuwa na kimoja kifuani.

Nini cha kufanya?

Kwanza, tuvitofautishe vitabu. Hadithi, barua, mahojiano na mawaidha hukaa vizuri masikioni, kwa kuwa asili yake ni mazungumzo. Ama vitabu vya hoja nzito, sikio peke yake halivitoshi. Ibn Sina, kwa akili yake yote, aliisoma Metafizikia ya Aristotle mara arobaini bila ya kuelewa makusudio yake, mpaka siku moja alipouziwa kwa dirhamu tatu, katika soko la vitabu, risala ya al-Farabi inayoeleza shabaha za kitabu hicho. Kesho yake akatoa sadaka kwa furaha. Ikiwa Ibn Sina alirudia mara arobaini na bado akahitaji sharhe, wewe unayemsikiliza Aristotle huku unavuka barabara unatarajia nini?

Pili, tusimamishe. Msomaji wa rekodi husema kiasi cha maneno 150 kwa dakika, wala hangoji mtu afikiri. Kitufe cha kusimamisha ndicho kidole cha yule mzee. Sikiliza robo saa, simamisha, jiulize umesikia nini, kisha rudia penye uzito. Ukiweza, uwe na kitabu chenyewe nyumbani, ukirejea ukiangalie.

Tatu, tujue tunamsikia nani. Je, rekodi ni ya kitabu kizima au imefupishwa? Ni tafsiri ya nani, na ya lini? Siku hizi zipo pia sauti zilizotengenezwa na kompyuta kwa akili mnemba. Husoma bila kuchoka, na hukosea jina la mtu au irabu ya neno bila ya haya. Wazee wetu hawakupokea neno bila ya kuuliza limepitia kwa nani.

Nne, tuchunge haki za watu. Kitabu ambacho mwandishi wake au warithi wake bado wana hakimiliki, kukirekodi na kukisambaza bila ya idhini ni kula mali ya mtu. Kwa wasioona, hata hivyo, mlango umefunguliwa: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu vitabu vitengenezwe kwa muundo wanaoweza kuutumia, na Tanzania na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizojiunga nao. Vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa kwa sauti bado ni vichache mno ukilinganisha na vya Kiingereza. Wenye sauti nzuri na Kiswahili fasaha hawakosekani katika madrasa zetu. Hili ni jambo la kujitolea.

Tano, na hili ndilo tulilolikusudia tangu mwanzo, tutafute mtu wa kusikiliza naye. Katika kila mtaa yuko mzee aliyekuwa msomaji, ambaye macho yamemwacha na wanafunzi wake wamemwacha pia. Mpelekee simu, ni jambo jema. Lakini usiiweke mezani ukaaga.

Sisi tumejipangia Jumamosi moja ya kila mwezi. Ule utetezi wa Socrates, ambao rekodi yake haifiki hata saa mbili, umetuchukua ziara nne, na bado haujaisha. Mzee anasimamisha, anauliza, anakataa jibu letu, anataka turudi nyuma. Safari iliyopita alitutuma chumbani tumtolee nakala yake ya Isaghuji kutoka rafu ya pili, akatuambia ukurasa bila ya kukosea, akatutaka tumsomee ili ailinganishe na alichokisikia. Tulisoma kwa sauti, na irabu mbili akatusahihisha.

Wallahu a'lam.