Habari Zinazoletwa na Usukani

Neno usukani lilikuwa la baharini kabla halijawa la barabarani. Mabaharia wa pwani walilipata kwa Waarabu wakalitumia kwa ule ubao wa nyuma ya chombo unaokielekeza majini, na lugha iliyolibeba iliingia Maniema kwa miguu, pamoja na misafara ya karne ya 19 iliyotua Nyangwe na Kasongo, miaka mingi kabla gari la kwanza halijafika ukingoni mwa mto Lualaba. Leo hapa Kindu wengi hukitaja chombo hicho cha dereva kwa neno la Kifaransa. Mimi nalipenda lile la zamani, kwa kuwa linakumbusha jambo ambalo kila mwenye mtumbwi avushaye watu baina ya kingo za Kasuku na Alunguli analijua bila ya kufundishwa: aliyeshika usukani haongozi tu, bali hupokea habari pia. Mkondo uliogeuka, gogo lililozama na fungu la mchanga lililohama tangu jana humfikia kwa kupitia mti alioushika, kabla macho yake hayajaona lolote.

Dereva naye ni hivyo hivyo. Usukani unapotetemeka mikononi mwake, aghalabu wenyewe hauna ila. Unatoa ushahidi juu ya kitu kilicho mbali nao, katika gurudumu, katika breki, katika vyuma vya kuelekezea, au pengine katika injini. Shida ni kwamba wengi wetu hatuna subira ya kuusikiliza ushahidi huo. Tunamwambia fundi kuwa gari linatetemeka, fundi anashika spana, na kabla ya adhuhuri vyuma vimetandazwa juu ya turubai, kila kimoja kikituhumiwa. Katika mji ambao kipuri hufika kwa ndege, au kwa reli ya kutoka Lubumbashi siku treni ijapo, au kwa njia ya udongo juu ya kiti cha pikipiki, tuhuma isiyo na dalili ni ghali mno, na ndiyo maana nimeona vema niandike habari hii kwa urefu.

Fundi mmoja mzee ninayemwamini, ambaye gereji yake ni mwembe na vipande vinne vya bati, hagusi gari lolote kabla ya kuuliza. Nilimsikia siku moja akimhoji mteja aliyekuja na haraka zake.

“Papa, inatetemeka wakati gani?”

“Wakati wote, fundi.”

“Hapana, Papa. Hakuna gari inatetemeka wakati wote. Ukiwa umesimama na moteri inazunguka?”

“Hapana, pale inatulia.”

“Ukikanyaga breki, ama ata bila breki?”

Mteja akanyamaza, akafikiri, kisha akakiri kwamba hakuwahi kuliangalia jambo hilo. Mzee akamrudishia ufunguo akamwomba akazunguke mjini nusu saa, kisha arudi na majibu. Mimi naiona nusu saa ile kuwa ni tiba bora kuliko spana zote zilizokuwa chini ya mwembe.

Kwani wakati wa mtetemeko ndio unaotenga sababu moja na nyingine. Gari likitetemeka hali limesimama, na mtetemeko ukageuka kwa kadiri injini inavyopandishwa mlio, basi magurudumu hayamo katika kesi. Yatazamwe mipira inayoshikilia injini, au injini yenyewe isiyowaka sawasawa. Ukitokea pale tu mguu unapokanyaga breki, diski za mbele zimechakaa bila ya usawa, na tofauti ya unene ya sehemu chache za mia za milimita yatosha kufika mikononi. Ukizidi pale unapokanyaga mafuta kupanda kilima na kufifia unapoondoa mguu, mshukiwa ni kardani, yaani zile fimbo zenye viungo zinazopeleka nguvu za injini magurudumuni. Ukitikisa kiti zaidi ya usukani, tazama nyuma. Ukifuata mwendo wa gari peke yake, hata ukiweka gia huru na kuliacha liteleze, hapo ndipo tunapolishika gurudumu la mbele, na hapo ndipo maneno yanapokuwa mengi.

Vitabu vya ufundi vilivyoandikwa katika nchi za lami husema kwamba gurudumu lisilo na mizani hutikisa usukani baina ya kilomita 80 na 100 kwa saa, kisha hutulia mwendo ukizidi. Ni kweli, na sababu yake yafaa kuelezwa. Gurudumu la gari dogo, ambalo nusu ya kipenyo chake ni kama sentimita 32, huzunguka mara 12 na zaidi kwa sekunde moja likienda kilomita 90 kwa saa. Ikiwa upande mmoja ni mzito, uzito huo hulivuta gurudumu juu na chini, mbele na nyuma, mara hizo hizo. Na gurudumu, likiwa limening’inia juu ya springi na mpira wenye upepo, lina mdundo wake wa asili, ambao aghalabu ni mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Midundo miwili ikikutana, mmoja humsukuma mwenzake kama mtu asukumaye bembea kwa wakati wake hasa. Ikipishana, bembea hupungua.

Lakini ni wapi katika njia zetu mtu aweza kwenda kilomita 90? Gramu 20 zilizokosekana katika mizani, ambazo huko Ulaya zingemkera dereva safari nzima, kwa mwendo wa kilomita 40 huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa nusu kilo tu, na hakuna mkono utakaozihisi juu ya njia yenye mashimo. Kwa hiyo dereva wa Kindu ambaye usukani wake unatetemeka kwa kilomita 40 au 50, penye kipande cha njia kilicho sawa, asihangaike na gramu 20. Atafute kitu kikubwa.

Nayasema haya kwa kuwa yalinifika mwenyewe. Nilirudi kutoka Kalima katika siku za mvua, nikivuka matope yaliyofika nusu ya milango, na juma lililofuata usukani ukaanza kutikisika. Gereji moja ya hapa mjini ilinibadilishia rotuli zote mbili za chini, yaani vile viungo vya tufe ambavyo gurudumu hugeukia juu yake. Nilipolalamika tena, ikanibadilishia na ncha za fimbo za kuelekezea. Nilingoja vipuri hivyo majuma matatu, nikavilipia kwa fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ada za watoto, na mtetemeko haukupungua hata chembe. Ndipo nilipolipeleka gari kwa mzee wa mwembe. Alipiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu la kushoto, kwenye ule upande wa janti, yaani rimu inayobeba tairi, usioonekana na mtu aliyesimama, akaanza kubandua kwa bisibisi. Ulianguka udongo mwekundu uliokauka kama tofali, kipande kimoja kikubwa kuliko kiganja chake, kikiwa bado na umbo la mkunjo wa janti. Alikiweka mkononi mwangu bila ya kusema neno.

Nilikipima baadaye kwa mizani ya muuza chumvi: gramu 200 na kidogo. Hesabu yake ni hii. Gramu 200 zikikaa sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu, kwa mwendo wa kilomita 30 huvuta kwa nguvu isiyotimia uzito wa kilo 3, ambayo dereva aweza kuisamehe. Kwa kilomita 60 huwa kilo 11. Na kwa kilomita 90 zingekuwa kilo 25, kwa sababu mwendo ukiongezeka maradufu nguvu hiyo huongezeka mara nne. Rotuli zangu za zamani, ambazo hazikuwa na kosa lolote, zilikuwa zimeshatupwa.

Baada ya kuosha, mtetemeko ulipungua lakini haukwisha, na hapa subira ya mzee ilinifunza jambo jingine. Aliweka mawe nyuma ya magurudumu mengine, akainua gari kwa jeki na kulikalisha juu ya gogo imara, maana hapeleki mkono chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, kisha akashika gurudumu juu na chini akalisukuma na kulivuta. Likicheza namna hiyo, beringi au rotuli ni mbovu. Akalishika kushoto na kulia: likicheza hivyo, ni fimbo za kuelekezea. Halikucheza popote. Akachukua kipande cha waya, akakifunga kwenye chuma kisichozunguka, ncha yake ikikaribia ukingo wa janti kiasi cha unene wa sarafu, akazungusha gurudumu polepole. Kwa zaidi ya nusu ya mzunguko nafasi ilibaki ile ile; kisha ukingo ukaikaribia ncha, ukaikwaruza, ukaondoka. Janti ilikuwa imepinda, bila shaka katika shimo mojawapo la njia ya Kalima. Janti ya chuma hunyooshwa kwa nyundo na ustadi. Ile ya aluminiamu iogopwe, kwa maana yaweza kuwa na ufa usioonekana. Waya huo huo husogezwa juu ya tairi, na hapo huonekana uvimbe wa tairi ambalo nyuzi zake za ndani zimeachana. Tairi la namna hiyo halina dawa. Litolewe siku hiyo hiyo, kabla halijapasuka.

Kuna mtetemeko wa namna nyingine kabisa, na katika mkoa wetu, wenye Land Cruiser nyingi za kazi, ni wajibu kuutaja. Gari linakwenda vizuri, linapita juu ya kizuizi kidogo, na ghafla magurudumu ya mbele yanaanza kupigapiga kushoto na kulia kwa ukali, usukani ukitaka kumponyoka dereva, wala hayatulii mpaka gari lipunguze mwendo karibu na kusimama. Hapa hakuna uzito unaosukuma. Kizuizi kimeanzisha tu, na mwendo wa gari wenyewe ndio unaoulisha mtikisiko. Wahandisi walisumbuliwa nao katika miaka ya 1920, wakauita kwa jina la ngoma ya mabega iliyokuwa ikichezwa siku zile, yaani shimi, na mwaka 1925 Mfaransa Georges Broulhiet aliuchunguza, akaonyesha kwamba tairi la mpira likisukumwa ubavuni haliendi sawasawa kule linakoelekezwa, bali huteleza kidogo pembeni. Na katika mteleze huo mtikisiko hupata chakula chake.

Magari yenye ekseli moja nzima mbele hupatwa zaidi, hasa beringi za zile pini ambazo gurudumu hugeukia juu yake zikilegea, au mipira ya ekseli ikichakaa. Watu wengi hukimbilia kubadilisha lile bomba la mafuta linalotuliza usukani. Bomba jipya hunyamazisha mtikisiko kwa miezi kadhaa, na katika miezi hiyo ulegevu unaendelea kukua bila ya kelele. Ningependa kila mwenye gari la namna hii aamuru beringi za pini zikazwe au zibadilishwe kwanza, na bomba liwe la mwisho.

Kabla ya yote haya, nati za gurudumu zikaguliwe. Nati zilizolegea hutetemesha usukani pia, na dereva anayeendelea na safari akiwa nazo anahatarisha roho za abiria wake. Zikazwe kwa kuvukana, si kwa kufuatana, juu ya uso uliosuguliwa kutu na udongo, na baada ya kilomita 50 zikazwe tena.

Mzee hana mashine ya mizani. Ana kitovu cha gurudumu cha gari lililokufa, kilichofungwa juu ya kisiki, na beringi iliyosafishwa kwa petroli hata inazunguka kwa pumzi. Alilifunga gurudumu langu humo baada ya kuinyoosha janti, akaliacha. Likajizungusha lenyewe, likayumba, upande mzito ukatua chini. Akapiga alama ya chaki juu, akabandika kipande cha risasi, akaliacha tena. Akakiongeza, akakipunguza kwa patasi. Njia hii haiponyi kila kosa, kwa kuwa haioni tofauti ya upande wa ndani na wa nje wa gurudumu pana, lakini kwa mwendo wetu yatosha. Ilimchukua muda wa kuiva chungu cha maharage. Mwishowe aliligeuza robo, likakaa. Akaligeuza nusu, likakaa. Akaniita nije niligeuze mwenyewe, na popote nilipoliacha, hapo lilibaki.