Je, Wajua Tangi la Mafuta Linaweza Kuelea?

Tangi la chuma lenye uwezo wa kubeba mapipa 250,000 ya mafuta ghafi, yaani karibu lita milioni 40, linaweza kung'oka kwenye msingi wake na kuelea. Ndivyo ilivyotokea Meraux, mji mdogo ulio pembezoni mwa New Orleans, Marekani, Kimbunga Katrina kilipopiga Agosti 29, 2005. Tangi lilikuwa la kiwanda cha kusafisha mafuta cha Murphy Oil. Kingo za kuzuia maji zilibomoka, bahari ikaingia wilaya ya St. Bernard, na karibu kila nyumba ya wilaya hiyo ikafurika.

Chuma kikubwa namna ile kilielea vipi? Siku hiyo tangi lilikuwa na mapipa 65,000 tu, robo na ushei. Chukua sufuria, itie maji ya vidole viwili, iweke ndani ya beseni, kisha lijaze beseni taratibu. Maji ya nje yakishapita kimo cha maji ya ndani, sufuria inaanza kucheza. Tangi nalo ni hivyo hivyo, tena linaelea upesi zaidi kwa sababu mafuta ghafi ni mepesi kuliko maji. Mabati yake, ukilinganisha na upana wake, ni membamba, kwa hiyo uzito wa chuma haulisaidii sana. Likinyanyuka na kusogea, huumia, na mafuta hupata pa kutokea.

Matangi ya namna hii huzungushiwa tuta ili yakivuja mafuta yabaki ndani. Tuta hilo limejengwa kwa ajili ya mafuta yanayotambaa chini. Huko Meraux tuta lilifunikwa na mafuriko, na mafuta yaliyokuwa juu ya maji yakalivuka kana kwamba halipo. Mapipa kama 25,000 yalimwagika. Hizo ni lita milioni 4, mzigo wa malori 100 yenye lita 40,000 kila moja. Mitaa ya makazi ilikuwa jirani kabisa, na nyumba zipatazo 1,700 zilipakwa.

Nimesema zilipakwa kwa kuwa ndivyo mafuta yafanyavyo ndani ya mafuriko. Hukaa juu, hushuka pamoja na maji, na njiani hugusa kila kitu: pazia, kabati, sofa, mlango wa jokofu, mwisho nyasi za uani. Waliporudi, wenye nyumba walikuta mistari ya kahawia ukutani, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja ukionyesha mahali maji yalipotulia kabla ya kuendelea kupungua. Kuta za jasi zilikuwa zimenyonya mafuta, na ukuta wa namna hiyo hauoshwi, hung'olewa. Benzini na wenzake wepesi huruka hewani siku za mwanzo, lakini haidrokaboni nzito hung'ang'ania udongo kwa miaka, na baadhi yake husababisha saratani.

Ndani ya New Orleans kwenyewe mambo yalikuwa tofauti. Asilimia 80 ya jiji ilikuwa chini ya maji, pamoja na magari, gereji, vituo vya mafuta na mabomba ya majitaka, na vyombo vya habari vikayaita maji hayo gumbo la sumu, kwa jina la mchuzi mzito wa huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, wakiongozwa na John Pardue, walichota sampuli na kutoa matokeo mwaka uleule. Vijidudu vya kinyesi vilikuwa vingi mno, na risasi na aseniki zilivuka viwango vya maji ya kunywa. Lakini kwa kemikali, maji yalifanana sana na yale yanayotiririka katika mitaa ya jiji hilo baada ya mvua kubwa yoyote, ila tu yalikuwa mengi kupita kiasi. Wengi walipumua. Mimi naona matokeo hayo yanatisha kuliko gumbo, maana mvua ya kila mwaka haitangazwi na mtu. Hata hivyo yanaonyesha jambo moja wazi: sumu haikugawanyika sawasawa. Waliopata mafuta ni waliopakana na matangi.

Miaka 12 baadaye, Agosti 2017, Kimbunga Harvey kilimwaga zaidi ya milimita 1,000 za mvua katika eneo la Houston, Marekani, kwa siku chache. Safari hii kisa kilianzia juu. Baadhi ya matangi yana paa linaloelea juu ya mafuta ili kuzuia mvuke, na kadhaa kati ya mapaa hayo yalilemewa na maji ya mvua yakazama, mvuke ukatoka. Huko Crosby, nje ya Houston, kiwanda cha Arkema kilikuwa na kemikali ziitwazo peroksaidi, ambazo lazima zikae kwenye baridi. Umeme ukakatika, jenereta zikaingia maji, na sehemu ya mzigo ikawaka moto yenyewe.

Dawa ya tangi linaloelea ni rahisi, na inajulikana: kabla ya kimbunga, liongezee mafuta au maji hadi lishindwe kunyanyuka. Murphy Oil ilikubali mwaka 2006 kumaliza kesi ya wakazi kwa dola milioni 330, ikiwa ni pamoja na kununua majengo ya mitaa 4 iliyo karibu zaidi na kiwanda. Piga hesabu. Kwa bei ya wakati ule, karibu dola 70 kwa pipa, mapipa 185,000 ya kulijaza tangi lile yangegharimu dola milioni 13 hivi, na mafuta hayo yangeuzwa baadaye. Maji yangehitaji kusafishwa baada ya kutumika, lakini kuyapata kusingekuwa shida: Mto Mississippi unapita hapo hapo mbele ya kiwanda.