Yanapodondoka Maji Sipo Yanapoingia



Hapa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, tuna majira mawili ya mvua: Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Desemba. Miezi hiyo ndiyo madereva wa magari ya zamani yenye paa la turubai, kama zile Land Rover za mashambani, hulaumiwa sana. Kiti kimelowa, karatasi za mizani ya majani ya chai zimeharibika, na tajiri anasema dereva ni mzembe. Tunamjua mwenzetu aliyekatwa mshahara kwa jambo hilo. Tulipolikagua gari pamoja naye, tulikuta raba ya kioo cha mbele imekauka na kupasuka. Je, hilo ni kosa la dereva?

Basi tujifunze kutafuta mvujo. Tujue kwanza kwamba yanapodondoka maji sipo yanapoingia. Maji hupenya kwenye mshono, hutambaa juu ya bomba la fremu, kisha huanguka mbali. Anayeziba pale alipoona tone anapoteza gundi yake bure.

Kwanza, toeni mikeka, kausheni sakafu, mtandaze magazeti makavu. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine awe nje na mpira wa maji. Anzeni chini, milangoni, mpande polepole: vifuniko vya hewa chini ya kioo, kioo chenyewe, mwisho turubai. Mkianza juu, maji yatateremka kila mahali na chanzo hamtakijua. Kila sehemu ipewe dakika kadhaa. Aliye ndani akiona unyevu, aweke alama ya chaki.

Pili, matengenezo. Raba iliyokuwa ngumu kama kwato haitibiwi kwa gundi, ibadilishwe. Mishono ya turubai la pamba ipakwe nta, turubai likiwa kavu. Turubai jipya la pamba liloweshwe na kukaushwa mara mbili tatu, ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Msilioshe kwa sabuni ya unga wala petroli, maana huondoa dawa inayozuia maji. Msilikunje likiwa bichi, litaota ukungu. Kamba na mikanda ikazwe, kwani turubai lililolegea hufanya dimbwi.

Tatu, safisheni matundu ya kutolea maji milangoni na sakafuni. Udongo wetu wa volkeno huyaziba upesi. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya alumini, lakini chesi ni ya chuma, na ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva ni wa chuma pia. Maji yakituama hapo, kutu hula kimyakimya. Chesi ikioza, hatari ni ya wote wanaobebwa nyuma.

Sheria ya Kazi Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi kazini. Sisi tunasema gari linalotubeba kwenda shambani ni mahali pa kazi. Kwa hiyo kila dereva awe na daftari: tarehe, sehemu inayovuja, na jina la msimamizi aliyeelezwa. Kamati ya tawi ibaki na nakala. Siku mshahara utakapotaka kukatwa, daftari lifunguliwe mezani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuzibe mapema, tena kwa umoja.