Umri wa Gari na Aina ya Breki Zake: Jinsi Chuma Kinavyosomwa

Mkaaji wa Kibingo hahitaji kufundishwa maana ya mteremko. Kata hii imo katika wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, katika nchi ya vilima na mabonde mkoani Kagera. Kahawa, ndizi, vifaa vya ujenzi na abiria hupanda na kushuka humo kila siku. Kupanda hutegemea nguvu ya injini. Kushuka hutegemea breki. Injini ikishindwa mlimani, abiria huteremka wakasukuma. Breki zikishindwa mteremkoni, hakuna wa kusukuma.

Katika makala haya tutachunguza swali linaloonekana dogo: gari lilitoka kiwandani tarehe gani, na lilifungwa breki za aina gani? Watu wengi hudhani kwamba swali hili ni la wakusanyaji wa magari ya kale tu. Tutaona kwamba ni swali la fizikia na la mantiki, na kwamba jibu lake laweza kuokoa maisha.

Breki hufanya kazi gani?

Breki haiondoi nishati ya gari. Huibadilisha tu kuwa joto. Hebu tupige hesabu. Tuseme gari lenye uzito wa kilo 2,500 pamoja na mzigo linateremka kutoka kileleni hadi bondeni, na tofauti ya kimo ni meta 100. Dereva analizuia lisizidishe mwendo. Nishati inayopaswa kuondolewa ni uzito mara mvutano wa dunia mara kimo, yaani 2,500 × 9.8 × 100, ambayo ni jouli 2,450,000.

Joto hilo huingia katika ngoma za breki, yaani vile vikombe vya chuma vinavyozunguka pamoja na magurudumu. Tuseme ngoma zote nne zina uzito wa kilo 40. Kilo moja ya chuma cha kusubu huhitaji jouli 460 hivi ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya Sentigredi. Kwa hiyo kila nyuzi moja yahitaji jouli 18,400, na joto lote lingezipandisha ngoma hizo kwa nyuzi 133, kama lisingepotea hewani hata kidogo. Mteremko wa meta 300 ungezipandisha kwa nyuzi 400. Kwa kweli sehemu ya joto huchukuliwa na upepo, na dereva mwangalifu hutumia gia ndogo ili injini nayo isaidie kulizuia gari. Hata hivyo hesabu hii yatuonyesha ukubwa wa kazi.

Ngoma ikipata joto hutanuka na kujitenga na viatu vya breki vilivyomo ndani yake. Bitana la msuguano lililogandishwa juu ya viatu hupungukiwa na nguvu ya kushika. Mafuta ya breki nayo yaweza kuchemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya kiasi cha kutosha yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Mvuke hubanwa kwa urahisi, tofauti na mafuta. Ndipo dereva hukanyaga pedali ikazama hadi chini pasipo kitu kutokea.

Inchi moja yenye maana

Tuchukue mfano wa gari lililojulikana mno katika Afrika Mashariki, yaani Land Rover. Lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Toleo la Series II lilitoka mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III mwaka 1971. Kwa macho ya mpita njia magari haya yanafanana kama mapacha. Chini yake hayafanani.

Gari fupi, lenye inchi 88 baina ya ekseli, kwa kawaida lilifungwa ngoma za breki zenye kipenyo cha inchi 10. Gari refu la inchi 109 lilifungwa ngoma za inchi 11. Mwaka 1980 gari fupi nalo lilianza kupewa ngoma za inchi 11. Baadhi ya magari yalipewa servo ya kupunguza nguvu ya mguu, mengine hayakupewa. Baadhi ya yale ya Series III yalipewa mfumo wa njia mbili za mafuta, ili njia moja ikipasuka nyingine ibaki. Kisha mwaka 1983 likatoka gari la 110 lenye breki za diski katika magurudumu ya mbele.

Tofauti si ya ukubwa peke yake. Kiatu cha breki ambacho ngoma huzunguka kukielekea hukokotwa na ngoma yenyewe, kikajibana zaidi. Tukiite kiatu kitangulizi. Kiatu kinachosukumwa mbali na ngoma hushika kwa udhaifu. Tukiite kiatu kifuasi. Katika ngoma za mbele za gari la inchi 88 lenye breki za inchi 10, kimoja ni kitangulizi na kingine ni kifuasi. Katika ngoma za mbele za gari la inchi 109 kuna silinda mbili, na viatu vyote viwili ni vitangulizi gari liendapo mbele. Breki hizo hushika vizuri sana.

Lakini mwanafunzi makini atauliza: gari likirudi nyuma je? Hapo mzunguko hugeuka, na vitangulizi vyote viwili huwa vifuasi. Gari refu lililobeba mzigo, likizimika mlimani na kuanza kurudi nyuma, breki zake za mbele huwa dhaifu wakati uleule zinapohitajika. Dereva asiyejua jambo hili hushangaa kwamba breki zilizomtii jana leo zinamkataa. Dereva anayejua hukanyaga kwa nguvu zake zote na kuvuta breki ya mkono papo hapo.

Breki ya mkono ya magari haya nayo ina siri yake. Haishiki magurudumu moja kwa moja. Hushika mhimili unaotoka nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gurudumu hilo laweza kuzunguka upande mmoja na lile lililo chini likazunguka upande wa pili, kwa sababu ya gia za difu. Gari litatembea ingawa breki ya mkono imevutwa. Kwa hiyo, kabla ya kuinua gari la namna hii, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu.

Tarehe tatu za gari moja

Sasa tuseme mwenye gari wa Kibingo anasafiri hadi Bukoba kununua viatu vipya vya breki. Muuza vipuri anamwuliza gari ni la mwaka gani. Mwenye gari anatazama kadi na kutaja mwaka uliomo. Je, amejibu swali?

Si lazima. Gari lina tarehe zisizopungua tatu: tarehe ya kutengenezwa, mwaka wa toleo ambao kiwanda kililitangaza, na tarehe ya kuandikishwa nchini. Magari mengine yalisafirishwa kama sanduku la sehemu zilizofunguliwa, yakaunganishwa karibu na soko. Kiwanda cha Leyland Kenya mjini Thika kiliunganisha Land Rover kwa njia hiyo. Hapo huongezeka tarehe ya nne. Vipuri hufuata tarehe ya kutengenezwa, nayo ndiyo ambayo mara nyingi haimo katika kadi.

Kwa Series IIA, namba iliyogongwa kwenye chesisi hutoa habari nyingi. Kwa mfano, 242 mwanzoni humaanisha gari fupi la petroli, la usukani wa kulia, lililotengenezwa kuuzwa nchi za nje. 243 humaanisha gari kama hilo lililosafirishwa likiwa sehemu zilizofunguliwa. Herufi ya mwisho huonyesha mabadiliko ya ufundi ambayo fundi hana budi kuyajua. Mwaka wenyewe haumo ndani ya namba, bali hutafutwa katika orodha za kiwanda. Hali ni hiyohiyo kwa magari mengi yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu.

Hata namba ya chesisi haitoshi. Gari lililofanya kazi miaka hamsini huenda limebadilishiwa ekseli mara mbili au tatu. Fundi aliyekosa ekseli ya inchi 88 hufunga ile aliyoipata, pamoja na ngoma zake. Silinda kuu ya breki iliyopimwa kwa ajili ya mfumo mmoja husukuma mafuta ya mfumo mwingine; pedali huwa ndefu mno au ngumu mno, au magurudumu ya nyuma hukwama kabla ya yale ya mbele na gari likayumba. Kwa hiyo kanuni ni hii: namba husomwa kwanza, kisha ngoma hufunguliwa na kupimwa.

Somo kutoka Marekani

Huko Marekani elimu hii imegeuka kuwa upelelezi. Kwa toleo la mwaka 1969, kampuni ya Chevrolet ilimruhusu mnunuzi wa gari la Camaro kuagiza breki za diski katika magurudumu yote manne, kwa alama JL8. Kati ya magari zaidi ya 240,000 ya toleo hilo, yaliyofungwa breki hizo yanahesabiwa kuwa 206, yaani chini ya gari moja katika kila elfu. Leo gari la namna hiyo lina thamani kubwa, na kwa sababu hiyo wapo wanaofunga diski kwenye gari la kawaida na kudai kwamba zilitoka nalo kiwandani.

Wachunguzi huwajibu kwa mantiki. Vyuma vingi vya kampuni hiyo vilisubiwa vikiwa na alama ya tarehe: herufi ya mwezi, siku, na tarakimu ya mwaka. A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea. Chuma chenye alama C 14 9 kilisubiwa tarehe 14 Machi 1969, kama ni cha miaka hiyo ya sitini. Kikikutwa katika gari lililokamilishwa Januari 1969, basi kilifungwa baadaye, kwani sehemu haiwezi kuzaliwa baada ya gari lake.

Kazi kwa wanafunzi

Kanuni hiyo yaweza kujaribiwa katika gari lolote lililoegeshwa karibu na shule, kwa idhini ya mwenyewe. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, tafuteni tarakimu nne. Tangu mwaka 2000 mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka kwa hewa na jua hata usipotumika, kwa hiyo tairi lenye meno marefu laweza kuwa zee. Chorani jedwali: mwaka wa kadi, alama ya kila tairi, namba ya chesisi. Kisha jadilini ni tarehe zipi zinazopatana na zipi zinazopingana.

Tahadhari moja ni ya lazima. Bitana za breki za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Mwanafunzi asifungue ngoma, na fundi asipulize vumbi lake kwa kinywa wala kwa pampu. Alifute kwa kitambaa kilicholowa maji.

Land Rover la mwisho la ukoo ule wa 1948 lilitoka kiwandani Solihull Januari 2016. Yaliyopo yataendelea kupanda na kushuka vilima vya Kyerwa maadamu yupo anayejua kuyatengeneza. Kabla ya kuliuliza gari la namna hiyo kama litaweza kushuka na mzigo, ni vema kuliuliza kwanza lina umri gani na limefungwa breki gani. Na jibu litafutwe katika chuma, si katika kadi peke yake.