Simu ya Muuguzi na Dakika ya Kwanza ya Mtoto

Mtoto amezaliwa, lakini hakulia. Muuguzi ana sekunde 60 za kumkausha, kumsugua mgongo na, asipopumua, kuanza kumpa hewa kwa mfuko na barakoa. Hatua hizo alizifaulu chuoni. Katika zahanati ndogo, hata hivyo, tukio kama hilo hutokea kwa nadra, na ujuzi usiotumika huchakaa.

Programu za simu hujaribu kuziba pengo hilo. Safe Delivery App, iliyobuniwa na shirika la Maternity Foundation la Denmark pamoja na vyuo vikuu vya huko, hufundisha dharura za uzazi kwa video fupi za katuni, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Ilijaribiwa katika vituo 73 magharibi mwa Ethiopia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wahudumu walioitumia waliwazidi wenzao kwa maarifa na stadi za kumsaidia mtoto apumue, hata baada ya miezi 12. Vifo vya watoto navyo vilikuwa 14 kwa kila uzazi 1,000, dhidi ya 23 kwingineko. Lakini kitakwimu tofauti hiyo ingeweza kuwa ya bahati tu. Wanaoinadi teknolojia aghalabu huisahau sentensi hii ya mwisho.

Hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, inatoa funzo la upande wa pili. Huko, mafunzo ya siku moja kwa kutumia mwanasesere yaliinua stadi darasani bila kubadili utendaji wodini. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000.

Simu humkumbusha mwanafunzi mfuatano wa hatua. Haiwezi kumwambia kwamba barakoa yake inavujisha hewa kidevuni. Hilo huonwa na mkufunzi aliyesimama kando yake, mwanasesere akiwa mezani. Basi video itazamwe kabla ya zamu, kisha mkono ujaribiwe. Mkufunzi ahakikishe pia kwamba dozi zilizomo zinalingana na mwongozo wa taifa.

Na mama anayemwona muuguzi akiinamia simu ana haki ya kuuliza. Jibu ni jepesi: “Mama, naangalia mwongozo wa matibabu yako.”