Je, Wajua? Sokwe wa Rubondo ni Wazao wa Wageni

Msafiri aliyewasili Geita kwa shughuli za dhahabu, akidhani kwamba mkoa ule hauna jingine la kumstarehesha, na aelewe kuwa kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Viktoria, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, na kwamba sokwe wake si wa asili ya pale hata kidogo: baina ya 1966 na 1969 waliletwa kutoka Ulaya, baada ya kuishi kifungoni, kwa juhudi za Mjerumani Bernhard Grzimek, wakaachiwa msituni, nao, ajabu ilioje, wakastawi. Kisiwa hufikiwa kwa mashua au ndege ndogo. Malazi ni haba. Mwenye kiasi, kwa rai yangu, achague mabanda ya hifadhi.